Rangi ya Ardhi na Rangi ya Mtu: Uhakiki wa Ramani za Uchaguzi wa Marekani

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna ramani za uchaguzi wa Marekani zinavyowakilisha uhusiano kati ya rangi ya watu na mwelekeo wa kura zao. Wasomaji wengi, wakiwamo watafiti, huzichukulia ramani hizo kuwa ushahidi unaojitosheleza: kaunti yenye Wamarekani Weusi wengi ikipakwa rangi ya chama fulani, huhitimishwa kuwa Weusi ndio walioipa rangi hiyo. Kwa kutumia mifano ya Mississippi, Alabama, Vermont na Texas, makala yanaonesha kuwa hitimisho hilo huweza kuwa sahihi na huweza kuwa kinyume kabisa cha ukweli, ilhali rangi za ramani zimebaki palepale. Hoja kuu ni kwamba ramani ya rangi na kura haisomeki mpaka ijulikane nani aliruhusiwa kupiga kura, eneo limekatwaje, na watu wamehesabiwa katika makundi gani. Uzito wa hoja hii unadhihirika mahakamani, ambako uwezo wa raia kupata uwakilishi hutegemea namna majaji wanavyozisoma ramani hizo.

1.0 Utangulizi

Neno rangi katika Kiswahili hubeba maana mbili zinazokutana katika mada hii. Rangi ni wekundu au buluu ambayo mchoraji huitumia kujaza eneo katika ramani. Rangi pia ni ngozi ya mtu na, kwa kupanuka kwa maana, ni kundi la kijamii ambamo mtu huwekwa kwa sababu ya ngozi hiyo. Msomaji wa Kiswahili anapokutana na ramani ya uchaguzi wa Marekani, maana hizi mbili huweza kuyeyukia katika neno moja. Huo ndio mtego ambao ramani yenyewe humtegea kila msomaji, wa lugha yoyote ile: kudhani kwamba rangi iliyopakwa juu ya ardhi ndiyo rangi ya uamuzi wa mtu anayeishi juu ya ardhi hiyo.

Uhakiki huu unaichukulia ramani kuwa matini. Kama matini nyingine, ramani ina mtunzi, ina uteuzi wa mambo ya kutaja na ya kunyamazia, na ina hadhira inayoletewa ujumbe. Tofauti ni kwamba ramani haioneshi kirahisi kuwa imetungwa. Huja mbele ya msomaji kana kwamba ni nchi yenyewe imejieleza. Kwa sababu hiyo, maswali ambayo mhakiki humuuliza msimulizi wa riwaya, yaani anajua nini, anaficha nini na anasema kwa niaba ya nani, yanaihusu pia ramani.

Istilahi tatu zinahitaji kubainishwa. Jimbo, katika makala haya, ni mojawapo ya majimbo 50 ya Marekani. Kaunti ni kitengo cha utawala kilicho ndani ya jimbo. Wilaya ya uchaguzi ni eneo linalomchagua mjumbe mmoja wa Baraza la Wawakilishi.

2.0 Chimbuko la Kuipaka Nchi Rangi

Desturi ya kuwaonesha Wamarekani Weusi kwa ukolezo wa rangi kwenye ramani ilikuwapo kabla hawajapata haki ya kupiga kura. Mwaka 1861, idara ya serikali iliyoshughulikia upimaji wa pwani ilitoa ramani ya mgawanyo wa watumwa katika majimbo ya Kusini, kwa kutumia takwimu za sensa ya mwaka 1860. Kila kaunti ilitiwa kivuli kulingana na asilimia ya watumwa waliokuwamo: kadiri watumwa walivyokuwa wengi, ndivyo kivuli kilivyozidi kuwa cheusi. Ramani hiyo ilitumiwa na Rais Abraham Lincoln wakati wa vita, na ilichorwa ndani ya picha maarufu ya Francis Carpenter ya mwaka 1864 inayoonesha tangazo la kuwaacha huru watumwa likisomwa mbele ya baraza la mawaziri.

Mwaka 1883, atlasi ya takwimu iliyochapishwa na kampuni ya Scribner ilionesha matokeo ya uchaguzi wa rais wa mwaka 1880 kaunti kwa kaunti. Katika atlasi hiyo chama cha Democratic kilipewa wekundu na chama cha Republican kikapewa buluu, kinyume cha mazoea yaliyojengeka baada ya uchaguzi wa mwaka 2000. Jambo hili linaonesha kuwa hata rangi inayodhaniwa kuwa asili ya chama ni makubaliano ya muda.

Ramani hizo mbili zilizaa tanzu mbili: ramani ya nani anaishi wapi, na ramani ya kura zimekwenda wapi. Ramani za leo zinazohusisha rangi na kura ni tokeo la kuilaza moja juu ya nyingine. Hata hivyo, hakuna ramani ya tatu inayoonesha nani hasa alimpigia nani kura, wala haiwezi kuwapo, kwa kuwa kura ni ya siri. Sehemu zinazofuata zinachunguza namna wasomaji wanavyoliziba pengo hilo.

3.0 Ukanda Mweusi: Ramani Moja, Maana Mbili

Mfano unaopendwa zaidi katika mjadala huu ni ule wa Ukanda Mweusi, eneo linalopita katika Mississippi, Alabama, Georgia na majimbo jirani. Booker T. Washington, katika kitabu chake Up from Slavery cha mwaka 1901, alieleza kuwa jina hilo kwanza lilihusu weusi wa udongo, na baadaye likawa na maana ya kisiasa: kaunti ambamo Weusi ni wengi kuliko Weupe. Maelezo yanayotolewa siku hizi huanzia mbali zaidi. Katika enzi za kale za kijiolojia, bahari ilifika hadi sehemu hizo na kuacha mashapo ya chokaa. Mashapo yakazaa udongo wenye rutuba. Udongo ukavutia mashamba ya pamba. Mashamba yakaleta watumwa. Vizazi vya watumwa vikabaki. Na leo vizazi hivyo hukipigia kura chama cha Democratic. Ramani ya uchaguzi wa karibuni huonesha upinde wa buluu unaofuata ufuo wa bahari iliyokauka mamilioni ya miaka iliyopita.

Simulizi hiyo inavutia, na kila kiungo chake kina ushahidi. Udhaifu wake ni kwamba inaruka kutoka kwenye udongo hadi kwenye kura bila kupita katika sheria. Kipimo cha udhaifu huo ni ramani za uchaguzi za kabla ya mwaka 1965. Mwaka 1948, Strom Thurmond, aliyegombea urais kwa jukwaa la kutetea utengano wa rangi, alipata takriban asilimia 87 ya kura za Mississippi. Mwaka 1964, Barry Goldwater wa chama cha Republican, ambaye alikuwa amepiga kura Seneti kuipinga Sheria ya Haki za Raia ya mwaka huo, alipata pia takriban asilimia 87 katika jimbo hilohilo. Wakati huo zaidi ya watu wanne kati ya kumi wa Mississippi walikuwa Weusi.

Kaunti ya Holmes inaliweka jambo hili wazi zaidi. Katika miaka ya 1960, zaidi ya theluthi mbili ya wakazi wake walikuwa Weusi, na Goldwater alipata humo zaidi ya asilimia 90 ya kura. Katika chaguzi za urais za miaka ya karibuni, kaunti hiyo imekipa chama cha Democratic zaidi ya robo tatu ya kura zake. Udongo ni uleule, na Weusi ndio wengi kama zamani. Msomaji ambaye angeilaza ramani ya sensa ya mwaka 1960 juu ya ramani ya kura ya mwaka 1964 angeona kwamba katika jimbo hilo mgombea wa Republican alikuwa na nguvu hasa mahali penye Weusi wengi. Angehitimisha kuwa Weusi walimpenda Goldwater. Hitimisho hilo lingekuwa kinyume cha ukweli, kwa sababu wengi wa Weusi hao hawakuruhusiwa kuandikishwa. Kabla ya Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya mwaka 1965, Weusi walioandikishwa katika Mississippi walikadiriwa kuwa chini ya asilimia 7 ya waliostahili. Kufikia mwaka 1967 walikuwa wamekaribia asilimia 60. Katika Kaunti ya Lowndes, Alabama, ambako karibu watu wanne kati ya watano walikuwa Weusi, mwaka 1965 ulianza bila Mweusi hata mmoja katika daftari la wapiga kura.

Mtaalamu wa siasa V. O. Key alikuwa ameutambua mkanganyo huu mapema. Katika kitabu chake cha mwaka 1949 kuhusu siasa za Kusini, alieleza kuwa Weupe walioishi katika kaunti zenye Weusi wengi ndio waliokuwa na hamu kubwa zaidi ya kulinda utawala wa Weupe, kwa kuwa ndio walioona wana mengi ya kupoteza. Kwa hiyo wingi wa Weusi ulitabiri kura kwa kweli, lakini kura hizo zilikuwa za jirani zao. Ramani ilinasa uhusiano uliokuwapo. Kosa lingekuwa la msomaji aliyemtaja mtendaji asiye mwenyewe.

4.0 Kumsoma Mtu Kupitia Eneo

Kosa lililoelezwa hapo juu lina historia katika taaluma ya takwimu. Mwaka 1950, W. S. Robinson alichapisha makala yaliyotumia sensa ya Marekani ya mwaka 1930 kulinganisha uhusiano unaopimwa kwa watu mmojammoja na ule unaopimwa kwa maeneo. Kwa mtu mmojammoja, kuzaliwa nje ya nchi kuliendana kwa kiasi kidogo na kutojua kusoma na kuandika: uwiano ulikuwa 0.118. Kwa majimbo, uwiano uligeuka kuwa hasi, -0.526. Wahamiaji walikuwa wamehamia katika majimbo ambayo wenyeji wake walikuwa wamesoma zaidi, na elimu ya wenyeji ikahesabiwa kana kwamba ni ya wageni.

Ukubwa wa kitengo nao hubadili jibu. Katika ngazi ya jimbo, Mississippi ndilo lenye sehemu kubwa zaidi ya watu Weusi kuliko majimbo yote, lakini halijampa mgombea urais wa Democratic ushindi tangu mwaka 1976. Vermont, ambako takriban watu tisa kati ya kumi ni Weupe, limekipa chama hicho ushindi katika kila uchaguzi wa rais tangu mwaka 1992. Anayesoma ramani ya majimbo angesema kwamba weusi wa watu huendana na chama cha Republican. Akishuka hadi ngazi ya kaunti ndani ya Mississippi, angesema kinyume. Takwimu hazikukosewa mahali popote. Kilichobadilika ni kisu kilichoikata nchi.

Watafiti wametafuta njia za kutoka katika kizuizi hiki. Leo Goodman, mwaka 1953, alipendekeza kutumia mstari wa kitakwimu unaopita kati ya maeneo kukadiria kura za kila kundi. Njia hiyo ni rahisi kutumia, lakini mara nyingine hutoa majibu yasiyowezekana, kama vile kundi kukipa chama zaidi ya asilimia 100 ya kura zake. Gary King, mwaka 1997, aliunganisha wazo hilo na mipaka ya hakika inayopatikana katika kila eneo. Iwapo eneo lina asilimia 90 ya Weusi na mgombea amepata asilimia 85 ya kura, na makundi yote yamejitokeza kwa kiwango kimoja, basi sehemu kubwa ya kura hizo haiwezi kuwa imetoka kwingine. Sharti hilo la kujitokeza kwa kiwango kimoja ndilo lililokosekana Holmes mwaka 1964. Hakuna hesabu, hata iwe ya kina namna gani, inayoweza kulitimiza bila msaada wa daftari la wapiga kura na historia ya mahali.

Ni haki kukiri kwamba kwa uchaguzi wa siku hizi katika majimbo ya Kusini ya mbali, usomaji wa kawaida wa ramani hukaribia ukweli. Mahojiano ya wapiga kura wanapotoka vituoni yalionesha kuwa mwaka 2008 takriban asilimia 95 ya Weusi walimchagua Barack Obama. Panapokuwa na mshikamano wa kiasi hicho, rangi ya kaunti na rangi ya watu huenda pamoja. Hata hivyo, usahihi huo hautoki katika ramani. Ramani imeuazima kutoka kwenye ushahidi mwingine, yaani mahojiano, madaftari na kazi za wanahistoria, na ushahidi huo ukibadilika, ramani haitakuwa na njia ya kumwonya msomaji.

5.0 Wingi wa Ardhi na Majina ya Makundi

Mambo mengine mawili huathiri maana ya ramani kabla ya msomaji kuanza kuifasiri. La kwanza ni ukubwa wa ardhi. Mwaka 2016, Hillary Clinton alishinda kaunti zisizofika 500 kati ya zaidi ya 3,100, ilhali alipata kura zipatazo milioni 2.9 zaidi ya Donald Trump nchini kote. Kaunti ya Los Angeles ina watu karibu milioni 10. Kaunti ya Loving, Texas, ilihesabiwa kuwa na watu 64 mwaka 2020. Katika ramani ya kawaida, kila moja hupakwa rangi kulingana na eneo lake. Kwa kuwa Weusi wengi, Walatino na Wamarekani wenye asili ya Asia huishi zaidi mijini, upotoshaji huu unawapunguza wao kuliko wengine. Watafiti kama Mark Newman wa Chuo Kikuu cha Michigan wamechora ramani zinazotanua au kubana kila eneo kulingana na idadi ya watu. Ramani hizo hutenda haki kwa hesabu, ingawa sura ya nchi hupotea na msomaji hushindwa kutambua mahali anapopafahamu.

La pili ni majina ya makundi yenyewe. Sensa ya Marekani ilianza kuwauliza watu wote kuhusu asili ya Kihispania mwaka 1980, na ikaruhusu mtu kujitaja katika rangi zaidi ya moja mwaka 2000. Mwezi Machi 2024 serikali ilitangaza utaratibu mpya unaoliunganisha swali la asili ya Kihispania na lile la rangi, na kuongeza kundi la watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Mjukuu wa watumwa wa Mississippi, mhamiaji kutoka Jamaika na mkimbizi wa Kikongo hutiwa kivuli kimoja katika ramani, ingawa njia zilizowafikisha kwenye sanduku la kura ni tofauti.

Kaunti ya Starr, Texas, inaonesha hatari ya kulichukulia kundi kama kitu kisichobadilika. Zaidi ya asilimia 95 ya wakazi wake ni Walatino. Mwaka 2016 Clinton alipata humo takriban asilimia 79 ya kura. Mwaka 2020 Joe Biden alipata takriban asilimia 52. Na mwaka 2024 Trump alishinda, baada ya kaunti hiyo kukataa wagombea urais wa Republican kwa zaidi ya miaka 100. Katika miaka hiyo minane ramani ya rangi za watu haikubadilika kwa kiasi chochote kinachoweza kueleza mgeuko huo. Kwa hiyo rangi ilikuwa anwani ya wapiga kura. Sababu ya kura zao ilipaswa kutafutwa kwingine.

6.0 Ramani Mbele ya Majaji

Mjadala huu ungeweza kubaki wa kinadharia kama ramani zingeishia vitabuni. Nchini Marekani, ramani hukata uwakilishi. Mwaka 1957, bunge la Alabama lilibadili mipaka ya mji wa Tuskegee kutoka umbo la mraba hadi umbo lenye pande 28. Mpaka mpya uliwaondoa karibu wapiga kura wote 400 Weusi wa mji huo, ukabakiza wanne au watano, na haukumwondoa mpiga kura Mweupe hata mmoja. Mwaka 1960, katika shauri la Gomillion dhidi ya Lightfoot, Mahakama ya Juu iliruhusu mpaka huo upingwe mahakamani. Katika shauri hilo umbo lilijisemea.

Mashauri yaliyofuata hayakuwa mepesi hivyo. Katika Thornburg dhidi ya Gingles, mwaka 1986, Mahakama iliweka masharti matatu kwa wanaodai kuwa mipaka imepunguza nguvu ya kura zao: kundi liwe kubwa na lililokaa pamoja kiasi cha kuweza kuwa wengi katika wilaya moja, liwe na mshikamano wa kisiasa, na Weupe walio wengi wawe wanapiga kura kwa pamoja kiasi cha kuwashinda kwa kawaida wagombea wa kundi hilo. Sharti la pili na la tatu haliwezi kuthibitishwa kwa ramani peke yake. Ndiyo maana njia za Goodman na King ziliingia mahakamani kama ushahidi wa wataalamu. Katika Allen dhidi ya Milligan, mwaka 2023, masharti hayo yalitumika kwa Alabama, ambako Weusi walikuwa takriban asilimia 27 ya watu lakini walikuwa wengi katika wilaya moja tu kati ya 7. Mipaka ilichorwa upya, na mwaka 2024 wilaya ya pili ya jimbo hilo ilimchagua Shomari Figures.

Mwaka uliofuata hukumu ya Milligan, mizani ilielekea kwingine. Mwaka 2019, katika Rucho dhidi ya Common Cause, Mahakama ilikuwa imeamua kuwa mahakama za shirikisho hazina mamlaka ya kuamua malalamiko ya mipaka iliyokatwa kwa faida ya chama. Mwaka 2024, katika shauri la Alexander lililotoka South Carolina na lililohusu Katiba, ilisisitiza kuwa mlalamikaji anayedai ubaguzi wa rangi lazima aitenganishe rangi na chama, na ikamtarajia alete ramani mbadala. Mahali ambapo karibu Weusi tisa kati ya kumi hukipigia kura chama kimoja, mchoraji wa mipaka anaweza kusema aliwahamisha wafuasi wa chama, si Weusi. Ramani ya matokeo itakuwa ileile kwa nia zote mbili.

Hapa ndipo upungufu wa ramani unapogeuka kuwa mzigo wa mtu. Uhusiano wa karibu kati ya rangi na kura, ambao katika Gingles ulikuwa ushahidi wa mlalamikaji, katika Alexander uligeuka kuwa kificho cha anayelalamikiwa. Kutokuwa na uwezo wa kuona nia ndani ya ramani ni tatizo la ramani zote. Lakini kanuni inayomtaka mlalamikaji pekee alitatue humfanya alipie ukimya ambao hakuuumba.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa ramani za rangi na kura nchini Marekani hunasa uhusiano wa kweli, lakini hazimtaji mtendaji. Katika Kaunti ya Holmes, wingi wa Weusi uliambatana na ushindi wa Goldwater kwa sababu Weusi walifungiwa nje ya vituo. Leo unaambatana na ushindi wa Democratic kwa sababu waliingia. Kati ya hali hizo mbili kuna sheria ya mwaka 1965 na watu walioipigania, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana kwenye karatasi.

Inapendekezwa kuwa mtafiti anayetumia ramani ya aina hii aambatanishe nayo taarifa tatu: kiwango cha uandikishaji na cha kujitokeza kwa kila kundi, matokeo katika ngazi zaidi ya moja ya kijiografia, na ufafanuzi wa makundi ya sensa yaliyotumika. Pale taarifa hizo zinapokosekana, ramani inafaa kuzaa swali la utafiti, na haitoshi kulijibu. Mahakama nazo, zinapopokea ramani kama ushahidi, zina sababu ya kuuliza nani anabebeshwa kazi ya kueleza kile ambacho ramani haiwezi kusema.